Aliyeitika Mferejini

Asubuhi hiyo fundi cherehani alipofungua dirisha la chumba chake cha kazi, alikuta gauni alilolimaliza jana yake limelowa chapachapa juu ya mashine.

Kwanza alitazama juu. Paa lilikuwa kavu. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na hata magugu ya uani yalikuwa yamekata tamaa. Akaliinua gauni, likachuruzika maji kwenye miguu yake, na harufu ikampanda puani: tope la chini kabisa, tope lisilojua jua.

"Baba," aliita kupitia mlangoni, "ulipita huku na ndoo ya maji?"

Baba mkwe wake alikuwa ameketi kwenye ngazi na kikombe cha chai. "Ndoo? Mimi na mgongo huu? Labda ndoo ndiyo inibebe."

Fundi akacheka kidogo kwa heshima. Akalifua gauni, akalianika, na mwenye gauni alipokuja akamdanganya kwamba lilimwagikiwa chai. Lakini siku nzima aliketi mbali na mashine ile, kama mtu aliyekuta kiti chake kina joto la mtu mwingine.

Nyumba yao ilikuwa imeshikamana na kinu cha zamani, ukuta kwa ukuta. Kabla mashine za umeme hazijafika, mji mzima ulisaga nafaka hapo. Mfereji wa mawe uliyachepusha maji kutoka mtoni, ukayaleta kwa mteremko hadi kwenye gurudumu kubwa la mbao, gurudumu likazunguka, na ndani ya jengo mawe mawili mazito yakasagana kutwa nzima. Mzee ndiye aliyekuwa msagaji wa mwisho. Watu walimwita Mzee Chenga kwa sababu ya vipande vya nafaka ambavyo havikumtoka kwenye nyusi, ingawa watoto wa siku hizi walidhani aliwahi kuwa hodari wa mpira, naye hakuwahi kuwasahihisha.

Mashine za umeme zilipokuja, gurudumu lilisimama. Mchwa wakala meno yake ya mbao, mfereji ukajaa takataka na majani. Mzee hakukubali. Miaka nenda miaka rudi alikwenda kwenye ofisi ya mambo ya kale kuomba kinu kitengenezwe, watu waje waone jinsi wazee wao walivyofanya kazi. Ilifika mahali maofisa wakimwona dirishani wanatokea mlango wa nyuma. Mwisho wakachoka kukimbia, wakakubali. Na mwashi waliyempa kazi ya kuujenga upya mfereji alikuwa mtoto wake wa pekee, mume wa fundi.

Mwashi aliipenda kazi ile. Aligonga mawe kutwa nzima huku akiimba, na kuimba kwenyewe kulikuwa balaa. Mkewe alimwambia kwamba akiendelea hivyo, mawe yatanyanyuka yenyewe yahame. Naye alijibu kwamba ndiyo maana anafanya kazi haraka kuliko waashi wengine.

Kisha masika yakaja kabla ya wakati wake. Mto ulifurika mchana kweupe, magogo yakaziba lango la maji, na ukuta mpya ukaanza kutikisika. Mwashi akaenda kuliinua lango ili maji yapungue. Mzee alikuwa kwenye kingo, akimwelekeza kwa mkono. Aliona udongo ukimeguka chini ya miguu ya mwanawe. Aliona kofia yake ikielea kwenda mtoni. Watu wakaifuata kofia, wakautafuta mwili kando ya mto hadi vijiji vya mbali, wasipate kitu. Ofisi ikasimamisha kazi. Shimo la gurudumu, pale mfereji unapoishia, likabaki limejaa tope na magogo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulizoa. Fundi alikuwa mjamzito. Mtoto wa kike alizaliwa baada ya maji kupungua, katika nyumba ambayo haikuwa na kaburi la kwenda kulilia.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya harufu ile.

Baada ya gauni, ikaja sauti. Fundi alikuwa akimpima mteja wake, mwoka mikate wa mtaa wa juu, mama mnene mwenye maneno mengi. Mtoto alikuwa amelala kapuni. Ilikuwa alasiri tulivu, hata kuku walikuwa wamejilaza. Ndipo kule nje, upande wa mfereji, ikasikika nyundo juu ya patasi. Ko. Ko-ko. Ko. Ko-ko.

Utepe wa kupimia ukamponyoka fundi mkononi. Mwashi alikuwa akigonga hivyo: pigo moja zito, mawili mepesi. Angeitambua nyundo ile katikati ya nyundo mia.

"Kumbe wamerudi kazini?" aliuliza mwoka mikate. "Afadhali. Mfereji ule ulikuwa unatia simanzi."

"Umesikia?"

"Nimesikia nini? Nyundo? Mimi si kiziwi, mwenzangu."

Fundi alitoka mbio. Mfereji ulikuwa mkavu, mjusi amejianika juu ya jiwe. Hakukuwa na mtu. Lakini kwenye ukuta ambao mumewe aliuacha haujaisha, vumbi jeupe la jiwe lilikuwa bado linaelea hewani, likishuka taratibu, kama vile mkono umeondolewa sasa hivi.

Hakumwambia mzee. Alihofia kumvunja moyo mtu aliyekuwa ameshavunjika. Tangu msiba, Mzee Chenga alikuwa hali mpaka alazimishwe, na akizungumza, alizungumza na sahani. Lakini siku zilezile fundi akaanza kuona mabadiliko. Mzee alinyoa. Mzee aliomba aongezewe chakula. Siku moja alimkuta akipiga mluzi huku akifagia ua, akafurahi, akajisemea kwamba huenda sasa majonzi yanaanza kumwachia. Kisha akatazama chini. Suruali ya mzee ilikuwa imelowa mpaka magotini, na viatu vyake viliacha alama za tope kwenye ua mkavu.

"Baba, umetoka wapi?"

"Natembeatembea tu, mwanangu. Daktari si alisema nitembee?"

"Umelowa."

Mzee akajitazama miguu kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Jasho," alisema, akaingia ndani. Na baadaye, alipokuwa anatiliwa chai, aliomba vikombe viwili.

Kesho yake alasiri fundi alimfunga mtoto mgongoni, akamfuata.

Mzee alishika njia ya kando ya mfereji, akapita ukuta ulioachwa nusu, akafika kwenye shimo la gurudumu. Gurudumu jipya, lililofungwa na mafundi wa ofisi mahali pa lile lililoliwa na mchwa na ambalo halikuwa limewahi kuzunguka hata mara moja, lilisimama juu ya magogo na tope lililopasukapasuka kwa jua. Mzee akaketi kwenye ukingo, akavua kofia kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. Fundi akajibana nyuma ya nguzo ya jengo.

"Nimekuja," alisema mzee kwa sauti ya chini.

Chini ya gurudumu tope likabubujika, pu, pu, kama uji jikoni, na sauti ikatoka.

"Baba. Upo?"

Fundi aliikumbatia nguzo. Ilikuwa sauti ya mumewe. Siyo inayofanana nayo. Ni yenyewe, na ule mkwaruzo wa vumbi la mawe kooni.

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa."

"Huko jua linawaka?"

"Linawaka sana."

"Huku halifiki, Baba. Huku ni baridi."

Mzee alikuwa analia bila kutoa sauti, mabega yakitetemeka. "Vumilia, mwanangu. Vumilia."

"Mtoto alizaliwa?"

"Alizaliwa. Wa kike. Ana masikio yako, masikini, lakini ni mzuri."

Tope likatulia kidogo. Kisha sauti ikasema, na safari hii ilikuwa karibu zaidi, kama iliyopanda ngazi: "Mlete nimwone."

Fundi aliuma kanga yake. Hakuuma kwa woga peke yake. Aliuma kwa sababu kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka kumwitikia mume wake, na mgongoni mwake mtoto alikuwa ameinua kichwa, ameelekeza uso kule kwenye shimo, ametulia tuli. Akarudi kinyumenyume mpaka alipoifikia kona ya jengo, kisha akakimbia.

Jioni, jikoni, walizungumza kwa kunong'ona, ingawa hakukuwa na mtu wa kuwasikia.

"Nimesikia, Baba."

Mzee akaweka kijiko chini. Uso wake uling'aa. "Umesikia? Basi si mimi tu! Nilidhani nimerukwa na akili. Umemsikia mwanangu!"

"Sijui nimesikia nini. Mtu hakai chini ya tope miezi yote hii akaongea, Baba. Yule si yeye."

"Sauti yake huijui?"

"Naijua. Ndiyo maana naogopa."

"Alilowesha hata gauni lako, akitafuta kukusalimia. Aliniambia."

Fundi akasukuma sahani kando. "Baba, nakuomba. Usirudi pale."

"Mimi ndiye niliyemwingiza mle," alisema mzee. "Mimi na kinu changu. Nimewasumbua watu wa ofisi miaka na miaka ili mtoto wangu aende akafe kwa ajili ya gurudumu. Nilikuwa nimesimama pale, namwelekeza kwa mkono! Sasa ananiita, ananiambia anasikia baridi, halafu wewe unataka ninyamaze? Wewe ni mama sasa. Ungenyamaza?"

Fundi alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho mzee akaapa kwamba hatamgusa mtoto kumpeleka popote. Fundi akaamua moyoni kwamba akimaliza nguo za harusi alizokuwa ameahidi, atahamia kwa dada yake, na atamchukua mzee pia, hata kwa kumburuta.

Siku zilizofuata alishona na mtoto mgongoni. Nyundo iligonga kila alasiri, naye alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asiisikie. Harufu ya tope ilianza kukaa ndani ya nyumba, kwenye mashuka, kwenye unga, kwenye nywele za mtoto hata alipotoka kuoga.

Bibi harusi alikuja mchana kujaribu gauni lake. Fundi alimweka mtoto kapuni kwa sababu alihitaji kuinama, pini mdomoni, kuukunja upindo. Bibi harusi alikuwa akizunguka mbele ya kioo akilalamikia kiuno. Fundi alipoinuka na kugeuka, kapu lilikuwa tupu.

Hakupiga kelele. Alitema pini, akatoka, akakimbia kando ya mfereji ambao asubuhi ulikuwa mkavu na sasa ulikuwa na maji, maji meusi yaliyokuwa yakipanda ingawa lango lilikuwa limefungwa kwa minyororo na mto wenyewe ulikuwa umenywea kule chini, yakipanda kimyakimya bila povu wala wimbi, na kadiri alivyokimbia ndivyo nyundo ilivyogonga kwa kasi mbele yake, ko-ko-ko-ko, bila pigo zito, bila pumziko, si ugongaji wa mwashi tena bali kitu kilichokuwa kikiigiza mwashi na sasa kimechoka kuigiza, mpaka akalipita jengo na kumwona mzee amesimama ndani ya shimo, maji yamemfika kifuani, amemnyanyua mtoto kwa mikono miwili mbele yake kama mtu anayemwonyesha mjukuu kwa jamaa, na chini ya mtoto maji yalikuwa yamejikunja, yamefanya shimo la duara lenye kina, na mle ndani hapakuwa na uso wala mkono, palikuwa na giza tu, giza lililosema kwa sauti ya mume wake, "Mwachilie, Baba, nimeshamdaka."

Fundi aliruka. Alimpokonya mtoto, akamsukuma mzee kwa bega, akamburuta kwa ukosi wa shati mpaka wote watatu wakaanguka kwenye majani ya ukingo. Nyuma yao maji yakafyonzwa kwenda chini kwa mvumo mmoja mrefu, kama mtu anayekunywa mchuzi, na mfereji ukabaki mkavu.

"Ameniambia anataka kumbusu tu," mzee alikuwa akisema, meno yakigongana. "Kumbusu tu, mwanangu. Kumbusu tu."

Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha fundi kuliko yote. Alikuwa hai, anapumua, lakini mwili wake ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kisimani, na macho yake yalitazama upande mmoja tu. Ukimgeuza, alizungusha shingo mpaka aelekee mferejini. Aligoma kunyonya. Hospitali walimpima damu, wakamfunika mablanketi, wakasema hawaoni ugonjwa, wamwangalie. Jioni mwoka mikate alikuja na mkate wa moto, akamtazama mtoto, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakosa la kusema. Kisha akasema, "Mwenzangu, hili si la daktari. Namjua mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mganga wa makamo, mwanamke waliyemwita Mama Kimya, aliyefika asubuhi na mfuko wa plastiki mkononi huku akilalamikia magoti. Hakuvaa chochote cha ajabu. Alinusa mlango, akanusa cherehani, akaweka kiganja chake juu ya tumbo la mtoto, akakiondoa haraka.

"Nani aliitika kwanza?" aliuliza.

Fundi na mzee wakatazamana.

"Kitu kile hakiwezi kuingia nyumba ya watu bila kukaribishwa. Kinaita. Mtu akiitika, mlango umefunguka. Nani aliitika?"

"Mimi," alisema mzee. "Nilisikia 'Baba', nikasema 'nipo'. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Ningesema nipo," alijibu Mama Kimya bila ukali. Akajishusha kitini. "Sikilizeni. Majini wa maji hupenda mahali pa kazi palipoachwa. Hicho kilikuwa mle tangu gurudumu liliposimama, kimelala, hakina sauti yake chenyewe. Kisha akapatikana mtu. Nadhani kijana wenu hakwenda mtoni. Nadhani yumo mle mle, chini ya magogo, na hicho kimemkalia kama kuku juu ya yai. Kimeivaa sauti yake kama mtu anavyovaa koti la marehemu. Na sasa kimeonja mtoto. Bila kuondoka hicho, huyu mdogo hatafika mwisho wa juma."

Mzee alikuwa ameshika kingo za meza. "Kinaondokaje?"

"Kwa wewe kulirudisha itikio lako. Mimi nitafukiza, nitasoma ninayoyajua, nitakibana. Lakini si mimi niliyekifungulia. Kitakuita, nawe utasema hukijui. Kitalia, utasema hukijui. Kitakutajia mambo ya utotoni mwake, utasema hukijui. Ukisema 'mwanangu' hata mara moja, tumekwisha."

Mzee aliiachia meza, akajifuta viganja kwenye suruali. Kuku walisikika uani.

"Na mwenyewe?" aliuliza mzee. "Mwanangu mwenyewe, yumo mle pamoja nacho? Atanisikia nikimkana?"

Mama Kimya alitazama magoti yake. "Sijui," alisema. "Nikikwambia najua, nitakuwa nakuongopea."

Walikwenda alasiri, saa ile nyundo ilipozoea kugonga. Mama Kimya aliwasha ubani kwenye kigae, akauzungusha shimo, akisoma kwa sauti iliyoshuka na kupanda kama mtu anayebembeleza mgonjwa. Mzee alisimama kwenye ukingo, pale pale alipokuwa akiketi. Fundi alisimama nyuma yake, mtoto kifuani amefungwa kwa kanga mbili.

Tope likabubujika.

"Baba, upo?"

Mzee alifumba macho. "Sikujui."

Sauti ikajibu kwa mshangao, kama mtoto aliyesukumwa: "Baba? Ni mimi."

"Sikujui."

"Ulikuwa unanibeba juu ya magunia. Ulikuwa unanipaka unga puani ukisema mimi ni mzee mwenzako. Baba, umenisahau?"

Machozi yalimtiririka mzee mpaka kidevuni, lakini alifungua kinywa na neno likatoka, limechanika. "Sikujui."

Gurudumu likaanza kuzunguka. Hapakuwa na tone la maji mferejini, lakini gurudumu ambalo halijawahi kuzunguka lilizunguka, kwanza polepole kwa mlio wa mbao mbichi, kisha kwa kasi, na ndani ya jengo mawe ya kusagia yaliyokuwa yamelala miaka yote yakaanza kusagana matupu, jiwe kwa jiwe, mpaka cheche zikaonekana kupitia dirisha, na harufu ya tope ikazidi ubani, na sauti chini ya gurudumu ikaacha kuwa ya mwashi, ikawa ya mtoto mdogo, ikawa ya mama mkwe aliyefariki zamani, ikawa ya watu ambao fundi hakuwajua, wote wakiita "nipo wapi, nipo wapi, nipo wapi," na Mama Kimya akisoma kwa kupiga kelele sasa, na mzee, ameinama mbele kama mti unaong'oka, akisema, "Sikujui. Sikujui. Mwanangu amekufa. Wewe sikujui."

Hapo ndipo fundi aliposikia sauti nyingine. Haikutoka shimoni. Ilitoka kando yake, karibu na sikio, ya chini na ya kawaida kabisa.

"Sindano. Mshike Baba, anaanguka."

Siku ya kwanza walipokutana, alipokuwa akimpima shati, alimchoma mwashi kwa pini begani, na tangu walipofunga ndoa mumewe alimwita Sindano, chumbani tu, taa ikishazimwa. Jina hilo halikuwahi kutoka nje ya mlango ule. Mzee hakulijua. Hakuna aliyelijua.

Fundi alinyoosha mkono, akaudaka mkanda wa mzee wakati ule ule miguu yake ilipoteleza. Akamvuta nyuma. Gurudumu likakatika katikati kwa mshindo, nusu ikaangukia shimoni, na kitu kikapita juu ya vichwa vyao, kizito, chenye baridi, kikayalaza majani yote ya ukingo kuelekea mtoni. Kisha kukawa kimya. Kifuani mwake mtoto akajinyoosha, akakunja uso, akaangua kilio kikubwa cha njaa.

Watu wa mtaa walikuja na majembe. Waliondoa vipande vya gurudumu, wakavuta magogo kwa kamba, wakazoa tope. Mwashi alikuwa chini ya gogo la mwisho, amelala ubavu, mkono mmoja umefunika uso kama mtu anayekwepa jua. Walimzika kesho yake. Fundi ndiye aliyeishona sanda, kwa mkono, hakutaka kutumia mashine. Mzee alishuka kaburini mwenyewe, pamoja na mgongo wake, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Ofisi ya mambo ya kale ilituma ofisa kutoa pole. Alisema kinu kitafungwa, patawekwa uzio tu na maelezo ukutani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Hakuuliza lolote kuhusu gurudumu.

Jioni waombolezaji walipopungua, alimwita fundi. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, mjukuu amelala mapajani mwake, amemfunika kwa koti.

"Mwanangu," alisema bila kumtazama. "Nataka kukuuliza jambo moja, halafu sitakuuliza tena. Pale nilipokuwa nasema maneno yale. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Alikuwemo? Kuna mahali popote ulipomsikia yeye mwenyewe?"

Fundi alitazama mikono ya mzee, jinsi ilivyotulia juu ya mtoto. Alijua akisema ndiyo, mikono ile haitatulia tena mpaka siku ya kufa kwake.

"Hapana, Baba," alisema. "Hakuwemo. Kilikuwa kitu kile tu, mwanzo mpaka mwisho."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mzee akashusha pumzi ndefu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayekubali bei. "Basi afadhali," alisema. "Afadhali hakunisikia." Akaegemeza kichwa ukutani, na kabla giza halijaingia alikuwa amesinzia, mdomo wazi, mtoto akipanda na kushuka juu ya tumbo lake.

Fundi aliwafunika wote wawili. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akazima taa. Alisimama katikati ya giza kwa muda, mikono imening'inia. Mama Kimya alikuwa amemwonya kabla ya kuondoka: kikikuita kwa jina lolote tena katika nyumba hii, usiitike.

"Abee," aliitika fundi, kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyejibu.